Mtaro wa Mchoraji

Mpima ardhi alimpeleka mama yake kwenye nyumba ya marehemu mchoraji, ambako mama huyo alifua nguo kwa miaka kumi na tisa. Mama alitaka jambo moja tu: kuikata bustani katikati kwa miguu yake, jambo ambalo hakuwahi kuruhusiwa.

Mtembeza wageni aliwaonyesha dirisha la chumba cha kuchorea. Bustani nzima, alisema, ilipangwa itazamwe kutoka hapo. Kisha akawashusha hadi kwenye mtaro mrefu uliofichwa na maua.

"Huu ni wa maji ya mvua."

Mpima ardhi aliutupia jicho mara moja. "Mbona unateremkia jikoni?"

"Maji gani, mwanangu!" Mama alicheka kwa pua. "Humu tulipita sisi, tumeinama na makarai ya nguo. Bwana mkubwa hakutaka vichwa vyetu vimharibie mandhari."

"Hilo halimo kwenye maelezo yetu, bibi," mtembeza wageni alisema kwa tabasamu. "Ila wageni wanapenda kupiga picha humu. Ingieni, niwapige moja."

Mpima ardhi aliupima mtaro kwa macho. Kina hakikuzidi mita moja na robo, na mama yake alikuwa mrefu kuliko yeye kabla mgongo haujapinda.

"Ingia wewe, baba," mama alimjibu mtembeza wageni. "Na uiname vizuri."

Akashika njia juu ya nyasi, bila haraka. Alipofika katikati aligeuka, akalitazama dirisha, uso ukamkunjamana kama aliyeonja kitu kilichochacha.

"Yote yale," alisema, "kwa ajili ya kidirisha kile?"