Mama wa Kwenye Cheti

Kavumbi alikuwa na hakika na mambo mawili tu kuhusu serikali: kwamba haiamki mapema, na kwamba inataka kujua umezaliwa wapi. La kwanza lilithibitika asubuhi ile ile, yeye na Pola walipokaa kwenye benchi la ofisi ya vitambulisho mjini Kilifi hadi jua likawafikia miguuni. La pili ndilo lililomwangusha.

Pola alikuwa ametimiza miaka kumi na minane na amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Zilibaki siku tisa.

Karani, mwanamke kijana aitwaye Rayhana, alimpa Kavumbi shikamoo yake vizuri, akakisoma cheti cha kuzaliwa, akamtazama Kavumbi, akakirudia cheti.

"Mama, niwie radhi. Hapa pameandikwa ulimzaa huyu ukiwa na miaka hamsini na minne."

Kavumbi akajibu kwamba Mungu hashindwi. Rayhana akakubali, ila akasema bosi wake wa chumba cha pili hatakubali. Atadhani huyu ni mtoto wa wageni aliyepachikwa jina la Mkenya.

Kavumbi angeweza kumtuma Pola akanunue maji kwanza. Akili haikumjia haraka kiasi hicho. Akasema yote, Pola akiwa ubavuni mwake.

Pola alizaliwa Tanga. Aliyemzaa ni Kahaso, binti wa Kavumbi, yule yule ambaye Pola amekua akimwita dada. Kahaso alikwenda kufanya kazi ya jikoni huko, akapata mimba ya kijana wa Tanga, kijana akaingia mitini, naye akarudi kwao Kibarani na kichanga cha siku arubaini. Kavumbi aliogopa. Alivyojua yeye, mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka ni wa ng'ambo. Na kusema Kahaso alimzalia Kibarani haikuwezekana, maana mtaa mzima ulijua alikuwa Tanga. Basi akajiandikisha yeye mwenyewe kuwa mama. Kitovu kilichokauka, alichokuja nacho Kahaso kwenye pindo la leso, walikifukia nyuma ya nyumba na kupanda mnazi juu yake, kama wafanyiwavyo watoto wa pale. Mzee wa mtaa alipokuja kushuhudia, Kavumbi alimwonyesha mche. Wanawake majirani walijua, wakanyamaza, kwani kila nyumba ina yake.

"Lakini mama," Rayhana akasema taratibu, "Katiba haiulizi amezaliwa wapi. Inauliza amezaliwa na nani. Mamake akiwa Mkenya, hata angemzalia Makka, mtoto ni Mkenya."

Kavumbi akaomba aelezwe tena. Akaelezwa. Akauliza, je, wageni wawili wakizaa hapa hapa Kilifi? Rayhana akasema huyo si raia kwa kuzaliwa, hata kitovu chake kikifukiwa mlangoni pa chifu. Kwa hiyo ardhi haihesabiwi? Haihesabiwi. Kwa hiyo uongo wote ule ulikuwa wa bure?

Hapo Rayhana mwenyewe akasita. Alisema kwa mwaka ule uongo haukuwa wa bure. Sheria ya zamani ilimtazama baba kwa mtoto aliyezaliwa nje, na mama Mkenya peke yake hakutosha. Katiba ya elfu mbili na kumi ndiyo iliyobadilisha mambo, ikawachukua hata waliozaliwa kabla yake. Yaani ukweli uliokuwa ukimtoa mtoto ndio sasa unaomwingiza. Kavumbi amelima shamba moja miaka hamsini, hajapata kuona mpaka ukihama bila wenyewe kuitwa.

Kilichotakiwa ni Kahaso aje mwenyewe na hati ya kiapo kwamba ndiye mama, ili cheti kirekebishwe. Na Kahaso sasa alikuwa mke wa Mwambire huko Malindi, mzee wa kanisa, ambaye alimwoa akiambiwa hana mtoto.

Pola hakulia. Kwa siku mbili alipika, akachota maji, akaitika alipoitwa, lakini yeye hakumwita Kavumbi kwa jina lolote. "Mboga tayari," alisema. "Mlango umefungwa?" Kavumbi aliumia sana, na hakujua amlaumu Kahaso, Tanga au Katiba.

Siku ya tatu Kahaso alifika ofisini na hati yake, macho mekundu. Alisema Mwambire ameambiwa. Mwambire alijibu nini, hakusema, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Huyu ni nani wako?" Rayhana akamwuliza, akimwonyesha Pola, kwa kuwa ndivyo anavyotakiwa kuuliza.

Kavumbi alijikuta amefumba macho, akiomba Kahaso aseme, na papo hapo akiomba asiseme.

"Ni mwanangu," Kahaso akasema. "Nilimzaa mimi."

Rayhana akaandika. Kwenye fomu mpya, palipotakiwa jina la mama, liliingia la Kahaso. La Kavumbi halikuwa na mahali. Kisha akasema zimebaki alama za vidole, na chumba ni kidogo, hivyo mzazi abaki na wengine wasubiri nje.

Kavumbi hakuinuka. Haukuwa ubishi. Shuleni, kliniki, popote mzazi wa Pola alipotakiwa, aliyebaki alikuwa yeye. Kahaso naye alikuwa tayari ameelekea mlangoni, kwa mazoea yale yale.

Pola akainama, akamshika Kavumbi mkono, akamwinua polepole. Ndipo akamwita, kwa mara ya kwanza tangu juzi, kwa neno la Kigiriama la bibi, neno ambalo hakuwahi kumwita.

"Hawe," alisema, "nisubiri nje."

Kavumbi akatoka, akapishana na Kahaso aliyekuwa akirudi ndani. Mwanamke mmoja kwenye benchi akamwuliza kama binti yake amefanikiwa. Kavumbi akageuka kuutazama mlango, akatafuta pa kukaa.