Galaksi Ambayo Nestory Hakuiona

Mwalimu Recheli aliisoma barua mara tatu, akidhani macho yanamdanganya. Nafasi moja kwa mkoa mzima, mwaka mzima wa kusomea nyota kwa darubini kubwa, kapewa Nestory! Nestory yule yule anayefundisha naye hapa Kigwa, anayemwita dada.

Jamani, sharti lilikuwa moja tu: kila mwalimu anayeomba achore galaksi moja ya mbali waliyotajiwa, kama alivyoiona kwa jicho lake. Recheli alikesha uwanjani usiku kumi na nne na darubini ndogo ya shule, baridi ya Julai ikimla mifupa. Nestory alikuja mara mbili, akachungulia, akasema haoni kitu, akaenda zake kulala. Mwishowe Recheli akachora alichokiona: ukungu mdogo, hafifu kama pumzi kwenye kioo.

"Na mimi nitachora hivyo hivyo, dada," Nestory alisema. "Ukweli ni ukweli." Akaazima daftari la Recheli la tarehe na saa za kukesha.

Sasa mchoro ulioshinda huu hapa, umeambatanishwa na barua. Mikono miwili ya galaksi imejisokota, mizuri ajabu! Darubini ile haioneshi mikono hata ukeshe miaka kumi. Huyu kaitoa kwenye simu. Na chini yake zimepangwa tarehe kumi na nne za Recheli. Asante ya punda, mateke. Nafasi ilimuuma, lakini kilichomliza ni kwamba alimwamini.

Jioni ile ile Nestory akabisha hodi. "Shikamoo, dada."

Recheli akamgeuzia mgongo.

"Usininunie, dada. Nina shida. Siku ya kwanza watataka niwaoneshe ninavyoitafuta. Nielekeze kidogo tu."

Uso mkavu ulioje! Recheli akabeba darubini hadi uwanjani. Giza lilipokolea akaielekeza, akampisha.

"Usiikazie macho. Tazama pembeni kidogo."

Nestory aliinama kwa muda mrefu. "Naona kaukungu tu. Mikono yake iko wapi?"

"Uliichora wewe, unaniuliza mimi? Huo ukungu ndio tuliotakiwa kuuchora, na leo ndiyo mara yako ya kwanza kuuona. Waandikie hivyo mwenyewe kabla ya kesho jioni, Nestory, maana barua yangu mimi nimeshaiandika."