Nyota ya Mkia Iliyobaki Dubai

Kwa ubishi, mzee Amissi, fundi baiskeli wa mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, hana mpinzani. Ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umeiona wapi, na wewe umelowa chapachapa. Mkewe Khadidja ameishi naye miaka arobaini, na miaka yote hiyo jambo moja limemkaa rohoni. Utotoni, alfajiri moja akiwa na mama yake kwenye bomba, aliona nyota yenye mkia mrefu juu ya milima. Amissi anasema aliota. Anasema hivyo harusini, anasema hivyo msibani, anawasimulia hata wateja huku akiziba tyubu, na watu wanacheka. Khadidja hucheka nao, lakini inamuuma.

Basi redio iliposema nyota ya namna hiyo inaonekana wiki hii upande wa magharibi, moyo wake uliruka. Bahati ikazidi: binti yao Amira alikuwa amerudi jana kutoka Dubai, alikokwenda kununua mali ya duka, na simu yake ina programu inayoonyesha mbingu nzima, kila nyota na jina lake. Baada ya swala ya magharibi wakatoka uani. Amira akatafuta, akatafuta tena, sauti ikampungua. Programu ilisema nyota imeshazama, iko chini ya ardhi.

Amissi akapiga makofi. Hata mashine ya wazungu imemkatalia mama Amira, akasema, sasa yaishe. Khadidja akageuka aingie ndani, maana kulia mbele ya Amissi, apana, hilo hatampa.

Mlangoni akakutana na jirani yao Béatrice, Mkongomani, anatoka kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya mpaka, beseni bado kichwani. Alipoelezwa hakucheka. Simu yake mwenyewe, alisema, kila akivuka mpaka wa Gatumba hunasa mtandao wa Kongo na kujiweka saa ya Kinshasa, saa nzima nyuma. Siku moja ilimponza akakuta mpaka umefungwa, akalala Uvira na samaki wake. Tangu hapo haamini simu yoyote iliyosafiri. Akaomba aione ya Amira, akasoma jina la mji lililoandikwa pembeni mwa ile picha ya mbingu: Dubai.

"Saa imerudi nyumbani," akasema, "lakini mbingu umeziacha Dubai. Kule usiku umeshakwenda mbali. Andika Bujumbura."

Amira akaandika. Picha yote ikageuka, na ile nyota ikapanda kutoka ardhini ikakaa juu ya milima ya Kongo. Ilibaki nusu saa tu izame. Uani ukuta unaziba, kwa hiyo wakapanda mbio kwenye ghorofa ya jirani isiyomalizika, Khadidja mbele na goti lake bovu, Amissi nyuma akinung'unika kwamba watavunjika miguu bure.

Ilikuwepo. Nyeupe, mkia juu, kama unga aliopaka mtu ukutani kwa kidole kimoja. Machozi yalimtoka Khadidja na hakuyafuta.

Amissi akafika juu, akainua uso, akatazama.

"Ile ya utoto wako," akauliza taratibu, "ilikuwa kubwa hivi?"

"Ilikuwa kubwa zaidi."

Khadidja akasubiri ubishi. Haukuja. Amissi akasogea ukingoni, akaanza kuwaita wapita njia wote wa barabara ile.

"Pandeni muone! Bibi yangu amewaambia miaka arobaini, nyinyi watu hamukutaka kumusikia!"

Khadidja akacheka mpaka akakaa chini.