Mahali Bei Inapopangwa

Théophile, mwana wa dada yangu, aliweka karatasi mbili mezani kwangu hapa Wamaza. Jumamosi lori la pamba litakaporudi Kasongo, lazima liondoke na moja yenye sahihi yake. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Yeye alikuwa fundi wa mashine mwenye diploma. Sisi tulimwita injeniere, Wazungu walimwandika "msaidizi". Sasa alitaka kuacha mashine akasomee mambo ya fedha.

Karatasi ya kwanza ilitoka kwa kampuni ya pamba: miaka miwili Ubelgiji, chuo cha biashara, nauli, chakula, koti la baridi, na nyumba Kasongo kwa mke na watoto. Ya pili ilitoka iniversite, chuo kikuu cha Léopoldville: miaka mitano ya uchumi na fedha, na pesa ya kumlisha mtu mmoja tu.

"Mujomba, wewe unasomea watu wote barua zao," akasema. "Soma na hizi."

Ile ya kampuni niliisoma mara tatu. Kusoma nilijifunza peke yangu, kwenye magazeti yaliyofungia sabuni, na karatasi yenye maneno matamu siiamini. Mwaka wa thelathini na nne watu hawa hawa walimlaza baba yangu chini, fimbo nane, kwa kuwa shamba lake la pamba lilikuwa na magugu. Leo wanamnunulia mjukuu wake koti?

"Juu ya nini wanakupenda hivi?"

"Hata mimi ninajiuliza."

Sababu ya yeye kutaka kuacha mashine nilikuwa mimi. Miaka kumi nilipiga kelele sokoni kwamba mizani ya kampuni inaiba. Msimu uliopita Théophile aliletwa kuisafisha. Nikaleta gunia la chumvi lililopimwa misioni, akaliweka juu ya mizani mbele ya watu wote, kabla hajagusa hata msumari mmoja. Mizani ilisema kweli, kilo kwa kilo.

Bulaimu, mkulima ambaye hakuna anayemshinda kwa maneno, akapiga makofi. "Injeniere amekula nao! Mutoto wa Wamaza, tumbo ya Kasongo!"

Watu walicheka, nami nikabeba gunia langu nikaondoka. Tangu siku hiyo wanawake mtoni hawakumsalimu Clémentine, mke wa Théophile.

"Mizani haiibi," Théophile aliniambia baadaye. "Wizi iko mahali pengine, na mimi sikusomea huko."

Alhamisi tulimfuata ajenti wa kampuni katika biro yake, ofisi iliyo ndani ya ghala. Akatupa viti. Miaka yangu hamsini, sijapata kupewa kiti mbele ya Muzungu. Nilikaa ukingoni, tayari kusimama.

Théophile akauliza: "Bwana, namna bei ya pamba inavyopangwa, tutafundishwa mwaka gani? Wa kwanza ao wa pili?"

Ajenti akacheka kwa upole. "Utafundishwa kuandika vitabu vya hesabu. Bei inakuja kwa simu."

"Nani anaituma?"

"Hiyo si kazi yako. Kazi yako, ukirudi, ni kukaa kwenye meza hii miaka kumi, uwaeleze watu wako kwamba bei ni nzuri. Wewe watakusikia."

Hapo nikaelewa koti lile ni la nini. Walikuwa wananunua mdomo.

Nje nikamwambia: "Na hao wa Léopoldville? Walioandika masomo yao si ndugu za Wazungu hawa?"

"Ni ndugu zao. Nitauliza swali hili hili kila mwaka, mpaka mmoja ajisahau anijibu."

"Basi tia sahihi."

"Muulize Clémentine."

Clémentine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga.

"Miaka tano, mujomba. Nitakaa hapa na watoto wawili, wanawake wananigeuzia mugongo kama mwizi. Maneno ya mizani, nani aliyaanzisha?"

"Mimi."

"Basi wewe utayamaliza. Ukishindwa, aende Ubelgiji, mimi nihamie Kasongo nipumue."

Jumamosi asubuhi, lori likipakiwa, nilisimama mbele ya ghala. Nimewahi kuwatukana maajenti wanne mahali pale. Siku hiyo nilikuja kujirudi mwenyewe.

"Mizani iko sawa," nikasema. "Théophile alisema kweli. Mimi nilikosea, miaka kumi."

Bulaimu akauliza: "Na wewe, muzee, wamekupa ngapi?"

Swali hilo ningeliuliza mimi mwenyewe, kwa maneno hayo hayo.

"Hawakunipa kitu. Kaa chini unisikilize."

Hakukaa, wala hakuondoka. "Kama mizani iko sawa, nani anatuibia?"

"Anayepanga bei."

"Yeye ni nani?"

"Sijui. Huyu anakwenda kusoma ajue."

"Atarudi? Ao atanona kule?"

"Hata hilo sijui, Bulaimu."

"Miaka tano ni mingi," akasema, safari hii bila kucheka.

Kando ya mizani, mwanamke mmoja alisogeza kikapu chake kidogo, Clémentine akapata pa kusimama. Alimtazama mume wake, akatikisa kichwa kukubali. Théophile akaweka karatasi ya Léopoldville juu ya bati la gurudumu la lori, akatia sahihi. Dereva aliipokea kwa vidole vyenye mafuta, akaikunja, akaisokomeza ndani ya kofia yake.