Mahudhurio ya Bibi Antonia

Jumamosi ile, baada ya sala ya jumuiya yetu hapa Chang'ombe, mwenyekiti Nikolaus alifungua daftari la mahudhurio akasema Bibi Antonia Chibago afutwe. Miezi minane hajaja kusali. Na asiyesali na jumuiya, akatukumbusha, hazikwi na padri.

Bibi huyo ndiye aliyetufundisha katekisimu sote, Nikolaus akiwemo, na sasa miguu imemkatalia kabisa.

"Jumamosi ijayo tunasali wapi?" nikauliza.

"Kwangu."

Siku ilipofika, saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya kubeba msalaba wa jumuiya ilikuwa yangu. Nikatangulia mbele ya watu hadi kwenye geti la Nikolaus, nikalipita. Akaniita, sikugeuka. Watu wakaufuata msalaba, naye mwishowe akafuata, daftari kwapani.

Tulisali tumebanana kuzunguka kitanda cha bibi. Kisha Nikolaus akaita majina. Alipofika kwenye jina la bibi alisita, halafu akasoma polepole.

"Antonia Chibago."

"Nipo," bibi akajibu. "Watoro mlikuwa ninyi."