Pasi kwa Galya

Mwaka 1992 timu ya taifa ya wanawake ya Urusi ilikuwa changa kiasi kwamba haikuwa hata na jezi zake. Wasichana walivaa zile nyekundu za Umoja wa Kisovieti, nchi iliyokuwa imevunjika miezi michache tu nyuma. Fundi mmoja wa mji wa Voronezh alizifumua herufi za jina la nchi hiyo kifuani, lakini matundu ya sindano yalibaki, na ukisogea karibu ungezisoma bado.

Wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya mechi na Ukraine, beki Rimma Zavyalova alifumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena. Wimbo mpya haukuwa na maneno. Upande wa Ukraine alisimama Galya Prihodko, kiungo waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja kambini, enzi timu ilipokuwa moja. Galya akamkonyeza. Rimma hakujua kama inafaa kujibu.

Kipindi cha pili, Urusi ikiwa mbele bao moja, Rimma alibanwa na washambuliaji wawili karibu na lango lake.

“Rimma, hapa!”

Hakufikiri. Mguu ndio ulioitambua sauti ile. Mpira ukateleza kwenye matope mpaka miguuni mwa Galya.

Galya mwenyewe alisimama, akautazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Wenzake wakampigia kelele, akashtuka, akapiga. Mpira ukaingia, kipa wa Urusi hakuwahi hata kusogea.

“We beki, umelewa?” jamaa mmoja akafoka jukwaani, akitema maganda ya mbegu za alizeti. “Nenda ukapande basi la Ukraine!”

Mechi iliisha kwa sare, bao moja kwa moja. Rimma alimkuta Galya nyuma ya jukwaa, akikwangua matope kwenye viatu.

“Shoga, ulinifanyia makusudi?”

“Makusudi gani? Nilikuona umebanwa, nikaita. Kama siku zote.”

“Sasa mbona ulipiga?”

“Si ulinipa!” Galya alitaka kucheka, macho yakamjaa machozi. “Hata sijui, Rimma. Usiniulize.”

Dereva wa basi la Ukraine akapiga honi. Wakakumbatiana haraka haraka, huku kila mmoja akiangalia nani anawaona.

Rimma aliingia kwa kocha akiwa ameshika viatu mkononi, tayari kufukuzwa. Valentin Yegorovich, mtu wa maneno makali, alikuwa amekaa mbele ya glasi ya chai iliyopoa.

“Valentin Yegorovich, sina cha kujitetea. Aliita, nikampa.”

“Nilisikia.” Kocha akaizungusha glasi. “Lile shuti la Galya nilimfundisha mimi, unakumbuka? Asubuhi nzima, kwenye barafu.”

“Nakumbuka.”

“Basi mpira ulipoingia niliruka nikapiga makofi. Makofi, Rimma! Daktari wa timu akanivuta koti, ‘Keti chini, mzee, tumefungwa.’”

Rimma hakujua aweke wapi macho yake.

“Jumamosi unaanza,” kocha akasema kwa ukali. “Na huyo akikuita tena, ujifanye kiziwi.”

“Na wewe je, akifunga tena?”

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Kocha akashika glasi, akairudisha mezani bila kunywa.

“Toka nje,” akasema. “Nenda kaoge.”

Rimma akatoka, asijue kama amekaripiwa au amesamehewa.