Picha ya Baada

Katika picha, tai amesimama juu ya chuma cheupe, na nyuma yake hakuna kitu ila anga. Kucha zake zimembana samaki, magamba yanang'aa, mkia umepinda kidogo kana kwamba bado una uhai. Tai ameinamisha kichwa. Anatazama miguu yake, au kitu kilicho karibu na miguu yake, na hapo ndipo watu wanapopapenda.

"Anawapelekea watoto chakula," husema wageni wetu, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamesimama sebuleni kwangu na vikombe mkononi. "Tazama anavyowaangalia."

Mke wangu huwaeleza kwamba aliyepiga picha ni mimi, na kwamba mdogo wake ndiye aliyeifikisha kwenye kalenda ya kampuni. Kalenda yenyewe ni ya mwaka uliokwisha zamani. Tarehe zake hazimfai mtu yeyote. Niliwahi kuitoa ukutani tulipopaka rangi. Rangi ilipokauka nikaikuta imerudi kwenye msumari wake.

Kazi yangu ilikuwa kupanda minara ya simu. Kufunga antena, kubadilisha waya, kukwangua kutu. Shule niliiacha mapema, bila kisa cha kusikitisha: nilichoka nayo, nayo ilichoka nami. Kazi hii niliipata kwa mkono wa huyo shemeji yangu, aliyekuwa mkuu wa ufundi pale ofisini, na jambo hilo sikuruhusiwa kulisahau. Kila tulipokutana mezani, alikuwapo mtu wa kunikumbusha.

Kamera niliinunua kwa fundi redio aliyekuwa anafunga duka lake. Ilikuwa na lenzi ndefu na mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma. Nilianza na mawingu, kwa sababu huko juu ndiyo yaliyokuwa jirani zangu. Kisha ndege, kisha kila kilichokuwa na mguu au jani. Kazi iliponipeleka mbali, kamera ilikaa kwenye begi pamoja na spana. Na safari za nyumbani vilevile. Tukienda kuzika, tukienda kuozesha, tukimpeleka binti chuoni, mimi nilikuwa nyuma ya wote, nimepiga magoti kwenye nyasi. Mke wangu alikuwa akisema wanawe watakuja kudhani baba yao ni mgongo. Hakukosea sana. Albamu zetu zina mijusi wengi kuliko mashangazi.

Kiota nilikikuta kwenye mnara wa kilimani, ule unaotazama bwawa la maji. Mara ya kwanza tai alikuwa bado anabeba vijiti, anavisuka kwenye pembe ya vyuma chini kidogo ya antena ya zamani. Safari iliyofuata alikuwa amelala juu ya mayai na hakuondoka hata nilipofika karibu. Aliniangalia tu kwa jicho moja, la njano, kama karani anayekuona umekuja tena na shida ileile. Safari ya tatu kulikuwa na makinda wawili, wamefunikwa na manyoya meupe yaliyosimama ovyo. Nilijifunga mkanda kwenye chuma, nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Chini alikuwa mwenzangu, mshika kamba. Tulimwita Bubu kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Wewe," alipiga kelele, "umepanda kukaza nati au umepanda kunyonyesha?"

Picha za siku ile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nasema bila kujivuna na bila kujishusha. Zilikuwa nzuri.

Hapo inabidi nieleze desturi moja ya kazi yetu. Ofisi haiamini maneno ya mtu mwenye spana. Kila kazi ilitakiwa iwe na picha mbili: moja ya kabla, moja ya baada. Kabla, nati imelegea. Baada, nati imekazwa. Kabla, kutu, baada, rangi. Bila picha ya baada, ulikuwa hujaenda, hujapanda, hujatoa jasho. Ningeweza kuanguka nife, na kama sikupiga picha ya baada, faili langu lingebaki wazi.

Likizo ya watoto ilipofika, ukoo mzima ulikwenda kupumzika kando ya bwawa. Shemeji alikuja na gari lake na miwani yake ya jua. Baada ya chakula alijinyoosha kwenye mkeka akaomba kamera. Alizipitia picha zangu haraka haraka, kama mtu anayetafuta sura yake mwenyewe, mpaka alipofika kwenye makinda.

"Huu si mnara wetu ule pale?" Akaonyesha kwa kidole, ng'ambo ya maji.

"Ndio huo."

"Hii kali, shemeji. Nitumie."

Nilimtumia palepale. Miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara yake ya kwanza kuniomba kitu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, mke wangu akaniuliza nimekunywa nini.

Agizo la kazi lilifika ofisini kwetu muda si mrefu. Mnara wa kilimani. Ondoa uchafu, andaa nafasi ya antena mpya. Chini yake, mahali pa picha ya kabla, waliweka picha yangu ya makinda.

Nilikwenda kwa shemeji bila kunawa mikono. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi na kiti kimoja cha mgeni, kifupi kuliko chake.

"Hawajaota manyoya ya kurukia," nilimwambia. "Nipe mwezi mmoja wataruka wenyewe, na kiota nitakitoa bure, hata siku ya mapumziko."

"Antena inafika wiki ijayo."

"Iwekwe kwanza kwenye mnara mwingine."

"Shemeji," akasema, na alitabasamu kwa kweli, hakuwa na chuki nami hata kidogo, "mimi siajiri ndege. Kama moyo unakushinda, sema, nimpeleke kijana mwingine. Ila huyo hatapanda na huruma. Atawapiga teke, amalize, ashuke."

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Alikunja nguo bila kunitazama.

"Usije ukamwaibisha mdogo wangu mbele ya watu kwa ajili ya ndege," alisema. "Wangekuwa hata kuku, ningeelewa."

Basi nikaenda mwenyewe.

Bubu alikuwa ameokota mfuniko wa mbao wa roli la waya, mpana kama meza ya kahawa. Shauri lilikuwa lake: kuna mti mkubwa nje ya uzio, upande wa pili wa chumba cha jenereta, tuufunge ule mfuniko kwenye panda ya matawi, tuweke kiota juu yake, na mama ataona watoto wake wamehamishwa mtaa. Alisema amehamishwa nyumba za kupanga mara nyingi na watoto wake hawakuwahi kumpotea.

Nilipanda asubuhi, upepo ukiwa bado mpole. Mama alitangulia kuondoka. Akazunguka juu yangu, mbawa zikipita karibu na kofia, akilia ile sauti yao inayokwaruza kama bawaba kavu. Kinda mkubwa alinidonoa glavu akaing'ang'ania. Mdogo alilala chali na kuniinulia vijikucha. Niliwatia kwenye ndoo ya vifaa, juu ya shati langu, nikaishusha kwa kamba taratibu, na sijawahi kushusha kitu taratibu namna ile, hata vyombo vya bei kubwa vya kampuni. Kisha kiota. Kiota cha tai hakihamishiki. Ukishika kijiti kimoja unakuwa na kijiti kimoja. Nilishusha ndoo baada ya ndoo za vijiti na takataka, na Bubu akavisuka upya juu ya ule mfuniko kwa nyaya na maneno mengi.

"Nyumba si mbaya," alisema tulipomaliza. Makinda walikuwa katikati, wamejibana. "Mimi ningepanga hapa."

Nilirudi juu, nikakwangua chuma, nikapiga brashi, nikapaka rangi nyeupe. Tulipoteremka na kurudi nyuma hadi kwenye lango, nilitoa kamera yangu, maana simu ya kazi haikuweza kuvuta mpaka kule. Pembe ya mnara ilikuwa tupu na safi. Nikaweka jicho.

Ndipo akatua.

Alitoka upande wa bwawa na samaki kwenye kucha zake. Akatua palepale, kwenye rangi mbichi, mahali kiota kilipokuwa. Akainama ampe mtu samaki. Hakukuwa na mtu. Aliangalia chini ya miguu yake. Akasogea hatua moja, akaangalia tena. Kidole changu kilikuwa kimekwisha bonyeza, kimezoea, hakiniulizi.

Nyuma ya chumba cha jenereta makinda walianza kulia. Sisi tuliwasikia vizuri. Naapa na yeye aliwasikia, kwa kuwa aligeuza kichwa. Akaruka, akazunguka juu ya mti, tukasimama tumeshikana mikono kama wazazi wapya. Akarudi kwenye chuma. Na samaki wake.

Alifanya hivyo siku nzima. Alichokuwa anakijua si sauti yao wala sura yao. Alikuwa anajua mahali. Bubu alipanda mti akawainua makinda waonekane, akaacha vipande vya samaki wa kopo kutoka kwenye chakula chetu. Alimwita yule ndege kwa majina yote, ya heshima na ya matusi. Jua lilipoanza kushuka, dereva alipiga honi. Yule samaki alikuwa amekauka, na mama bado amemshika.

Njiani Bubu aliikunja kamba yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Tuliporudi na antena, kinda mmoja alikuwa chini ya mti, mkavu, mwepesi kama kitambaa. Wa pili hatukumwona. Mfuniko ulikuwa umekaa imara. Tulikuwa tumeufunga vizuri mno. Nilifunga antena mpya. Nikapiga picha ya kabla na ya baada.

Mwisho wa mwaka shemeji alikuja nyumbani na kalenda zimeviringishwa chini ya kwapa. Aliikunjua moja mezani. Tai wangu, samaki, chuma cheupe, na chini yake kwa herufi za buluu: *Minara yetu ni nyumba ya wote.* Mke wangu alishika mdomo kwa mikono miwili. Alimkumbatia mdogo wake, kisha akanikumbatia mimi, na alikuwa hajanikumbatia namna ile kwa muda mrefu.

"Nimekufanyia jambo, shemeji," alisema yule bwana. "Mkurugenzi mwenyewe ameipenda."

Mke wangu alikwenda kutafuta nyundo. Tukabaki wawili.

"Unajua hii ni picha ya nini?" nikamuuliza.

"Ya ndege."

"Ni picha ya baada. Kazi ya kilimani. Niliikabidhi na faili, ukaipokea mwenyewe."

Aliitazama tena. Nilimwona akielewa, hakuwa mjinga. Macho yalikwenda kwenye samaki, yakaenda kwenye chuma, yakarudi. Kisha akailainisha kona moja iliyojikunja.

"Ni picha nzuri, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Usiiharibu."

Mke wangu akarudi na nyundo, akanipa mimi, maana mwenye mikono ya kazi ndani ya nyumba nilikuwa mimi. Nikapiga msumari.

Watu wangependa nimalizie kwa kusema niliacha kamera. Sikuacha. Ndege hawakunikosea. Napiga bado, safari zote, hata baada ya kazi kwisha na magoti kukataa ngazi. Ila picha zinakaa ndani ya kamera. Akija mtu kuniomba aone, namwambia betri imekwisha.

Mwaka jana Bubu alipita kutusalimia. Amezeeka, amekuwa mnene, na mdomo ni uleule. Alianza kusimulia toka getini. Mke wangu alimkaribisha sebuleni, akamletea chai, akamwonyesha ukutani.

"Umeiona picha ya mwenzako, shemeji?"

Bubu alijikatiza katikati ya neno. Alitazama kwa muda mfupi. Kisha alinyanyuka, akakishika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakizungusha, akaketi akiupa ukuta mgongo. Akachukua kikombe na kuendelea na hadithi ya bomba lililopasuka mtaani kwao.

Alipoondoka mke wangu alikusanya vyombo kwa kishindo.

"Rafiki yako yule hana adabu. Mtu unaonyeshwa kitu, hata kusifu huwezi?"

"Kweli," nikamwambia. "Hana."